Lameki Manase Nyagawa na Paa Lililozibwa

Wachungaji, wazee wa kanisa, mashehe mliotoka Makambako, ndugu wa Mdandu, Njombe, Lupembe na Mlangali, majirani na wote mliokuja kutufuta machozi, Bwana Yesu asifiwe, asalamu aleikumu, kamwene. Niliyesimama hapa ni Getruda, mdogo wake marehemu, niliyefundisha shule za msingi za huku mpaka nikastaafu, na kama sauti itakatika katikati mnisamehe, itakuwa ni hasira kuliko majonzi. Kamati ya mazishi iliipitia karatasi hii jana jioni ikatushauri, kwa nia njema, tupunguze sehemu ya katikati ili msiba uishe salama, nasi tukawasikiliza, tukawashukuru, kisha tukairudisha kama ilivyokuwa. Mtatuvumilia, maana ndugu yetu alivumilia zaidi.

Marehemu Lameki Manase Nyagawa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Mdandu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Manase Nyagawa, mkulima na mwinjilisti, na mama yetu Ida, na alibatizwa mwaka huo huo kabla mahindi hayajavunwa. Alikuwa mtoto wa kuchosha, tuseme kweli, anatumwa kuchunga mbuzi anarudi bila mbuzi, kwa sababu amekaa asubuhi nzima chini ya mti anatazama jinsi mnana alivyofunga kiota chake kwenye ncha ya tawi, na akichapwa hakulia, alikuwa anauliza tu kwa nini kiota hakidondoki na tawi linayumba vile.

Kuhusu elimu, alianza shule ya msingi hapa Mdandu mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati hadi 1964, akasoma sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, na mwaka 1969 akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam, ambako alihitimu mwaka 1971 kama mchora ramani wa majengo. Mwaka 1978, kwa ufadhili uliopitia kanisa, alikwenda mji wa Stuttgart, Ujerumani Magharibi, kusomea usanifu wa majengo, na akarudi mwaka 1984 akiwa na shahada, koti moja zito na maradhi ambayo sisi nyumbani hatukuyajua jina. Huko aliwakuta walimu waliokuwa wakining'iniza minyororo darini, wakiipiga picha, kisha wakiigeuza picha juu chini ili waone paa linavyotaka kusimama lenyewe, na aliwakuta na mashine ya kompyuta iliyoweza kuifanya kazi hiyo bila mnyororo, kwa hesabu tupu, ukiipa umbo la jani au la mfupa wa ndege, na uzito, na upepo, ikachora, ikapima, ikachora tena. Aliporudi alikuwa hawezi kuona kitu chochote cha Mungu kimesimama asiulize kinasimamaje. Tulikuwa tunakula ugali, yeye anashika bua la mwanzi wa ulanzi anahesabu vifundo.

Kwa desturi kazi hutangulia ndoa katika historia kama hii, lakini sisi tunatanguliza ndoa, kwa sababu ya kazi ni mengi na ndoa haikumpa shida. Tarehe 5 Julai 1975 alifunga ndoa takatifu na Emilia Haule, binti wa Mlangali, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ebeneza aliyezaliwa 1976, ambaye sasa ni mwalimu, na Rejoice aliyezaliwa 1985, ambaye yupo chuoni. Shemeji yetu Emilia alikaa miaka sita akilima na kulea mtoto peke yake mume akiwa Ulaya, na aliporudi akamletea, badala ya vitenge, begi la vitabu vyenye picha za mafuvu ya samaki. Hakumkimbia. Hilo nalo liandikwe.

Sasa kazi. Kuanzia 1972 hadi alipokwenda masomoni alikuwa mchora ramani wa serikali mkoani Iringa, na aliporudi 1984 akarudishwa kwenye kiti kile kile, mwaka ambao hata sabuni ilikuwa na foleni, saruji ilikuwa hadithi na karatasi ya kuchorea ilikuwa inatumika mbele na nyuma, akachora nyumba za watumishi zenye ramani moja, Njombe ramani hiyo, Ludewa ramani hiyo, penye baridi na penye joto, mpaka akasema anajisikia kama mhuri. Biashara ilipoanza kufunguliwa na watu wakaruhusiwa kuagiza na kuuza, mwaka 1988 aliacha kazi ya serikali akafungua ofisi yake Makambako, kwa sababu aliona mji ule wa njia panda na reli unakua bila msanifu hata mmoja, na mtu aliyempa chumba cha ofisi, kwenye nyumba yake ya barabarani, alikuwa Mzee Zubeiri Mrisho, mfanyabiashara na mwenye malori, mtu wa Kondoa aliyekuwa ameshakuwa mtu wa Makambako kuliko wenyeji. Tunataka jambo hili lieleweke mapema, Mzee Zubeiri alikuwa rafiki wa ndugu yetu. Kompyuta aliyotumiwa na wenzake wa Stuttgart ilipokwama bandarini mwaka 1990, kwa kuwa maofisa walikuwa bado na kumbukumbu ya amri za zamani zilizozuia mashine hizo, ni Mzee Zubeiri aliyeshinda kwenye milango ya ofisi hadi ikatoka, na ni lori lake lililoipandisha Makambako, imezungushiwa magodoro kama mgonjwa.

Watu walikuja kuiona. Wengine walidhani ni televisheni, wakakaa wakisubiri ianze, wakaona maandishi ya kijani yanapita, wakaondoka wakisema Bwana Lameki kaletewa televisheni mbovu. Umeme ulikuwa ukikatika anapoteza kazi ya siku nzima, anakaa gizani anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutisha, kisha unarudi, anaanza upya. Shemeji Emilia alikuwa akisema nyumba hii ina wake wawili, na yule mwingine ndiye anayefunikwa kitambaa usiku.

Mwaka huo huo wa 1990 aliitwa Lupembe kusimamia ukarabati wa ghala la majani ya chai, na siku moja kulipita upepo wa mvua uliolaza miti ya miwati ya watu chini na kuezua ghala lenyewe, lakini asubuhi yake marehemu akaona migomba ya jirani imesimama yote, majani yamechanika vipande vipande kama sketi ya mganga, mgomba wenyewe mzima. Sisi wote tumeona jani la mgomba limechanika, nani hajaona, lakini yeye alishinda pale akipima umbali kati ya mpasuko na mpasuko, na alipoulizwa na wenye ghala anafanya nini akawaambia kwamba mgomba haushindani na upepo, unaufungulia njia, jani linachanika ili shina lising'oke, na kwamba sisi tunaweka mabati kama ngao halafu tunashangaa upepo unayabeba.

Ninyi wa Makambako hamhitaji kuelezwa upepo wenu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mtu akipanga nguo kwenye kamba anazifuata kwa jirani. Kwa hiyo mwaka 1992, kamati ya wafanyabiashara ilipoamua kujenga banda jipya la soko la nafaka, mwenyekiti akiwa Mzee Zubeiri, na kazi ya kuchora akapewa ndugu yetu, alijua mara moja atachora nini, na alikaa miezi mingi mbele ya ile mashine akiipa upana wa jani, nafasi ya mipasuko, kasi ya upepo aliyoipata kwa watu wa hali ya hewa, uzito wa mbao za msindano na uzito wa bati, mashine inachora paa, inalipulizia upepo wa hesabu, inamwonyesha litakapoinuka, anarekebisha, inachora tena. Hakuiga sura ya jani, hapo ndipo watu walipokosea kumcheka, aliuliza jani linafanya kazi gani akalipa bati kazi hiyo. Paa lilitoka likiwa na vipande virefu vyembamba vya mabati, kila kimoja kikilalia mwenzake kwa juu ili mvua isipite, lakini kati ya kipande na kipande pakiwa na mwanya wa kupitisha upepo, na kenchi zake, zile mbao zinazobeba mabati, zilipinda kidogo kidogo kutoka mwisho mmoja wa banda hadi mwingine, kila moja na urefu wake.

Fundi mkuu alikuwa Hassani Kibwana, ambaye yupo hapa, na siku ya kwanza aliikataa kazi ile mbele ya watu. Alisema fundi gani anayejiheshimu anaacha kenchi zisilingane, wenzake watamcheka mpaka Ilula. Marehemu hakubishana naye, alimwomba wajenge sehemu moja tu ya kujaribia, wakaimwagia maji kwa ndoo, hayakupita, wakangoja upepo, ukaja, mabati yakatikisika kidogo yakatulia, na Hassani aliyekuwa juu ya ngazi akashuka akasema, "Bwana Lameki, hili paa linapumua," na tangu siku ile akawa anagombana na yeyote anayelicheka. Wawili hawa, Mlutheri wa Mdandu na Mwislamu wa Kilosa, walijenga miezi minane bila ugomvi, na kama kuna wakati ambao ndugu yetu alikuwa na furaha kamili katika maisha yake, ni huo.

Tarehe 28 Juni 1993 mama yetu Ida alifariki dunia hapa Mdandu. Banda lilikuwa limekwisha, ufunguzi umepangwa Jumamosi tarehe 17 Julai, na marehemu aliacha kila kitu akaja kumzika mama, akabaki kwenye matanga na kumuuguza baba yetu aliyekuwa ameanguka kwa huzuni. Huku nyuma kamati ikaingia sokoni kukagua. Wakainua macho, wakaona mwanga kati ya mabati. Sasa hebu mfikirie watu wazima wamesimama chini ya paa jipya, mgeni rasmi anakuja na msafara, na mbingu inaonekana. Mmoja akasema mgeni ataona Makambako tumeishiwa kabla ya paa kwisha. Mwingine akasema hata kibanda cha mkaa hakiachwi wazi hivyo. Wakaamua mianya yote izibwe kwa bati bapa, mwanzo hadi mwisho, lipakwe rangi, lipendeze.

Hassani aliwaambia mwenye mchoro aulizwe kwanza. Na hapa ndipo, ndugu zangu, panapotuuma, kwa sababu hakuna aliyemjibu vibaya, hakuna aliyefanya kwa chuki. Mzee Zubeiri alimjibu, na Hassani analikumbuka neno kwa neno, "Fundi, mwenzako kafiwa na mama, unampelekea habari za mabati, una moyo gani wewe? Mfiwa hasumbuliwi." Wote tunajua kuwa hivyo ndivyo tulivyolelewa, mtu aliye kwenye msiba hapelekewi shughuli, hadaiwi, haulizwi. Hassani akapanda, akaziba. Na kuonyesha kwamba hatuwasingizii ubaya, Mzee Zubeiri mwenyewe alikuja Mdandu na gunia la mchele na sukari kutupa pole, akakaa na ndugu yetu kwenye mkeka mchana kutwa, wakaongea habari za mama, za mvua, za afya ya baba, na habari za paa hazikutajwa. Ilikuwa adabu. Kwa adabu hiyo hiyo jina la Lameki Nyagawa likavunjwa, na tungependa kujua tangu lini adabu imekuwa inaua.

Marehemu alirudi Makambako Jumatatu tarehe 26 Julai 1993, sherehe imeshapita, na alipoingia sokoni akainua macho alikaa chini kwenye magunia ya watu kama aliyepigwa. Alikwenda kwa Mzee Zubeiri mchana ule ule akamweleza, taratibu, kwamba paa lililotengenezwa kupitisha upepo ukiliziba linakuwa baya kuliko paa la kawaida, kwa kuwa kenchi zake ni nyepesi, hazikupewa kazi ya kushindana, na Mzee Zubeiri akamsikiliza vizuri, akamwagizia chai, akamwambia, "Lameki, mgeni alilisifia. Alisema paa limebana vizuri. Leo nikilifungua, nitamweleza nini?" Akaambiwa angoje kikao. Kikao kikakosa wajumbe kwa ajili ya safari za mahindi. Kikao cha pili kikajadili choo. Akaomba wafungue upande mmoja tu, akaambiwa baada ya Maulidi, akasubiri, akaambiwa baada ya wiki ya mavuno kanisani, kana kwamba upepo nao una kalenda ya dini. Mwishoni alichukua nyundo yake mwenyewe akaenda na ngazi kuyang'oa yale mabati, mtu mwenye shahada, na mlinzi wa soko akamteremsha mbele za watu.

Jumanne tarehe 21 Septemba 1993, baada ya saa saba mchana, upepo uliingia chini ya lile banda ukakosa pa kutokea. Paa liliinuka zima, likakunjika, likaanguka upande wa barabara ya Njombe, na mama Maua, muuza mchele, akavunjika mguu, ambaye Mungu alimponya na yupo nasi leo na fimbo yake. Hakuna aliyekufa, na hilo tunalishukuru kila tunapolikumbuka. Jioni polisi walimchukua Hassani, kwa sababu misumari ilikuwa yake, na mke wake wakati huo alikuwa mja mzito na watoto wadogo wamejaa nyumbani.

Marehemu alipopata habari hakula. Alikwenda kituoni akasimama mezani akasema, "Mchoro ni wangu, mkimtaka mtu wa paa hili mtu ni mimi," na Hassani akaachiwa. Ndugu yetu alihojiwa siku kadhaa akarudishwa nyumbani, kesi haikufika popote, mwaka 1995 faili likafungwa kabisa. Lakini maneno yale yalitoka kituoni kabla yake. Kufikia Ijumaa, stendi yote ilikuwa inajua kwamba Lameki amekiri. Akapewa jina la Bwana Mgomba. Watoto wakamwimbia Rejoice njiani, kondakta akipita na gari pale sokoni anaita, "Wa paa la migomba, shuka!" na mji ukacheka, mji ambao nusu yake ulijua nani aliagiza mianya izibwe.

Alingoja Mzee Zubeiri aseme. Hakutaka asimame jukwaani, alitaka neno moja tu kwenye kikao, au hata barazani baada ya sala, kwamba paa lilizibwa na sisi, mwenzetu hakuwapo. Alimfuata mara moja tu, akajibiwa kwamba upepo umepita na maneno nayo yatapita. Shemeji Emilia alimsihi aseme mwenyewe, akakataa, akisema akifungua mdomo Hassani, aliyeziba kwa mkono wake, anarudi ndani. Faili lilipofungwa akamsihi tena, akakataa tena, safari hii akasema mtu akijitetea baada ya miaka miwili anaonekana mwongo. Hapo, kaka, ulikuwa na kiburi, na hatukufichi leo kwa sababu umelala. Uliona aibu ya kudai haki yako kuliko wao walivyoona aibu ya kukunyima.

Kazi zikakauka. Shule moja ilikuwa imekubali mchoro wake wa madarasa ukaondolewa mezani, zahanati moja upande wa Mlangali ikamwambia, "Mzee, hiyo kompyuta yako iache, tupigie paa la kawaida," akalipiga la kawaida, akakataa kuandika jina lake kwenye ramani. Mwaka 1996 alirudisha chumba cha Mzee Zubeiri, akahamia Njombe, akawa anafundisha uchoraji wa kiufundi kwa vipindi na kuchora nyumba za watu zenye vyumba vitatu na varanda. Jioni aliwasha mashine yake ya zamani akachora mapaa ambayo hakuna aliyemwomba, moja likifuata ua la pareto linavyojifunga jioni, jingine likifuata nundu ya ng'ombe, akayapulizia upepo wa hesabu, yakasimama, akazima. Wakati huo huo mapaa ya Makambako yaliendelea kuezuliwa kila mwaka na kurudishwa vile vile, na kila likiezuliwa mtu alimpigia simu kumtania. Alikuwa anacheka nao. Akiweka simu chini hacheki.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2000, mwaka 2003 figo zikaanza kushindwa, akatibiwa hospitali ya misheni na baadaye akapelekwa Dar es Salaam, akarudishwa Njombe mwezi Juni mwaka huu, na Ijumaa tarehe 6 Agosti 2004, saa nne asubuhi, aliaga dunia mikononi mwa mke wake. Siku chache kabla alimwambia Emilia jambo ambalo tunalisoma hapa kwa idhini yake, kwamba, "Mimi pale polisi nilisema mchoro ni wangu. Sikusema kosa ni langu. Hivi kweli watu wote wale hawakusikia tofauti?"

Juzi Jumamosi jioni fundi Hassani alifika hapa msibani, akaomba wazee wa ukoo wakae, akasimulia yote mliyoyasikia, tangu kikao cha kuziba hadi jibu alilopewa, huku analia kama mtoto. Emilia alimuuliza kama miaka yote hii alikuwa anaitafuta barabara ya Mdandu. Hassani akajibu kwamba yeye alikuwa mdogo katika jambo lile, na mdogo hasemi kabla mkubwa hajasema, alikuwa anamngoja mkubwa. Tumemsamehe, ingawa tumemsamehe kwa meno ya nje. Mngoja na mngojwa, wote wamezeeka, na aliyehitaji kulisikia neno lenyewe yumo ndani ya sanduku.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia ndugu yetu, hasa wale wa wodi ya figo waliomvumilia akichora kwenye kadi zao za dawa, inawashukuru majirani wa Njombe waliokesha nasi, walimu wenzake na wanafunzi wake, wachungaji na kwaya, mama Maua aliyepanda gari na mguu ule kuja kumzika mtu ambaye mji ulimwambia ndiye aliyemvunja, na fundi Hassani ambaye, kwa kuchelewa, amekuja. Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na ndugu yetu kanyongwa vya kutosha.

Maneno ya kufungia historia kama hii mnayajua, nasi tunayo mdomoni, lakini hatutayasema. Mzee Zubeiri Mrisho, shikamoo. Umeacha shughuli zako umekuja, tumeona, na tumekupa kiti cha mbele, karibu na jeneza, sisi wenyewe, wala si kamati. Hatukuombi fidia, na msamaha ni wako na Mungu wako. Tunaomba kitu kimoja, usimame mbele ya watu wa Makambako na wa Mdandu, useme ni nani aliyeagiza paa lile lizibwe, na Lameki alikuwa wapi siku hiyo. Ukishasema, wewe ndiye utakayemwambia apumzike kwa amani, sisi tutaitikia nyuma yako. Usiposema, tutamzika bila neno hilo, maana hatutaki kumdanganya na yeye.

Jeneza bado halijafungwa, baba. Tunakungoja.